Goti Zima Ndilo Lililouma

Alhamisi, tarehe 5 Desemba 2024. Mvua ilinyesha usiku kucha, ikakatika alfajiri. Kulipopambazuka ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba, na barabara ya kutoka Litapunga kwenda Mpanda mjini ilikuwa tope jekundu linalong'ang'ania tairi.

Siku hiyo goti la kushoto la Gaudensi lilimwamsha kabla ya jogoo. Mkewe, Eufrazia, alikuwa tayari ameshachemsha maji ya chumvi. Alilikanda goti lile kwa kitambaa, kisha akaanza.

"Baba Angela, kuanzia kesho madumu ya maziwa atachukua Maiko. Nimeshamwambia."

"Umemwambia nani?"

"Mkweo. Ana pikipiki. Goti hili litakuangusha porini na maziwa ya watu."

"Na mimi nitafanya nini?"

"Tutalima wote. Kwani jembe lina ubaya gani?"

Jembe halikuwa na ubaya. Lakini wenye majembe Litapunga ni wengi kama mchanga, na Gaudensi wa maziwa alikuwa mmoja tu. Alikuwa akikusanya maziwa kwenye maboma ya Wasukuma, anafunga madumu huku na huku kwenye keria ya baiskeli, anayafikisha kwenye migahawa ya mjini kabla wanywaji chai hawajakaa. Huko walimkaribisha kwa jina. Zaidi ya hayo, baiskeli ilimficha. Ujanani alianguka mtini akitundika mzinga wa nyuki, akavunjika mguu wa kulia. Mganga wa mifupa wa Mwese alimfunga vijiti, mfupa ukaunga vizuri, ila ukaunga mfupi. Tangu hapo alijifunza kutembea kwa ncha ya kidole cha mguu wa kulia, polepole, ili asichechemee. Aliamini hakuna aliyejua zaidi ya mama yake, na mama yake alikwishafariki. Juu ya baiskeli, miguu ikizunguka, nani angeipima?

Alitoka akiwa amenuna, akaenda kwa Nyanzala kuchukua maziwa. Huyu alikuwa mjane wa Kisukuma, ambaye yeye na marehemu mumewe walihamia Katavi na ng'ombe wao miaka mingi nyuma. Alikuwa amesimama kwenye ukingo wa shamba, akimtazama mwanawe Abednego akilima na maksai wawili. Mmoja alikuwa mrefu, mwingine mfupi kama ndama aliyekataa kukua.

"Mama, hawa umewaoanishaje?" Gaudensi aliuliza. "Hii ndoa padri angeikataa."

Nyanzala akacheka. "Mwenzake yule mrefu alikufa. Sasa nifanye nini, nifungwe mimi? Tazama nira."

Gaudensi akatazama. Upande wa maksai mfupi, chini ya mti wa nira, walikuwa wamefunga gunia lililokunjwa mara kadhaa, ili mti ukae sawasawa juu ya shingo zote mbili.

"Kabla ya gunia, mrefu ndiye alikuwa anachubuka," alisema Nyanzala. "Tukampaka dawa yeye, tukampumzisha yeye. Hapati nafuu. Kumbe alikuwa anavuta kwa ajili ya wawili. Ukiona kidonda kwa mzima, kamwangalie mwenzake."

Kisha akamtazama Gaudensi usoni. "Goti gani linakuuma?"

"La kushoto."

"Na mguu mfupi ni upi?"

Gaudensi alihisi masikio yake yanapata moto. "Nani kakwambia nina mguu mfupi?"

"Ee baba! Kila siku nakuona kwa nyuma ukiondoka na maziwa yangu. Makalio yako yanakwenda kama ya mtu anayefua nguo mtoni."

Njia nzima hadi mjini alijichunguza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mguu wa kushoto ulikanyaga kwa nguvu zote, kama mtu anayetwanga, goti likijitupa nje. Wa kulia ulinyoosha ncha ya kidole kuifuata pedeli ilipofika chini, ukaigusa tu, na kiuno kikaegemea huko kuusaidia. Pedeli moja ilifanya kazi, nyingine ilisindikiza.

Mchana, madumu yakiwa matupu, alisimama kwa Osward, fundi baiskeli wa njia panda, ambaye pia hukata katambuga, vile viatu vya matairi. Vijana wa bodaboda walikuwa wamejaa kivulini.

"Mzee wa maziwa kaja! Leo kiuno kimecheza wimbo gani?" mmoja akapaza sauti.

"Wimbo wa kumdai babako," alijibu Gaudensi, wakaangua kicheko. Akainama kwa Osward, akamweleza kwa sauti ya chini.

Osward hakushangaa. Aliishika baiskeli, akamwambia apande na azungushe pedeli kinyumenyume. Alitazama mguu mmoja, akatazama wa pili.

"Unataka soli ya pili kulia. Tabaka mbili za tairi, zinatosha."

"Huwezi kuifunga kwenye pedeli? Watu wasione?"

"Pedeli inageuka, mzee. Ukiitaka, imekuonesha mgongo. Na kwenye tope utateleza. Kiatu hakigeuki." Akashusha sauti naye. "Halafu acha kutwanga. Kanyaga kwa unyayo wa mbele, siyo wa katikati, sukuma mpaka chini, na huku kulia usukume hivyohivyo. Usimpendelee mmoja."

Gaudensi alivitazama viatu alivyokuwa navyo, vyembamba, vinavyofanana. Akivaa kimoja kinene, hata mtoto atauliza. Asipovaa, kesho Maiko anachukua madumu. Alikaa kwenye kibao muda mrefu, vijana wakitania wengine. Mwishowe akavua cha kulia, akamkabidhi Osward.

Jioni Eufrazia alikiona kiatu mlangoni, akakiinua, akakipima mkononi.

"Hatimaye," alisema.

"Hatimaye nini? Ulikuwa unajua?"

"Tangu siku ulipokuja kwetu kuposa. Shangazi alisema, huyu anatembea kama anayeiba kuku. Nikasema, nimempenda hivyohivyo."

Gaudensi alitaka kukasirika, akajikuta anacheka mpaka akashika mbavu. Alipomaliza, akauliza kwa upole, "Na Maiko?"

"Maiko nimeshamwita. Mtaelewana nyie wenyewe. Goti ni lako."

Asubuhi iliyofuata Maiko alimkuta barabarani, madumu yamejaa, karibu na kilima cha kwanza cha njia ya mjini. Alipunguza mwendo wa pikipiki, akamwamkia mkwewe, akaangalia miguu yake, halafu haraka akaangalia mbele, kwa heshima.

"Baba, nipe niyapeleke."

"Pita, mwanangu. Utanirushia tope."

Goti lilikuwa bado linauma, ila kwa sauti ndogo, na paja la kulia, lililozoea kusindikiza, lilianza kulalamika. Katikati ya kilima Gaudensi alishuka. Alitoa spana, akateremsha kiti kidogo ili mguu wa kulia ufike chini bila kunyoosha kidole, akapanda tena na kuanza kusukuma, kulia, kushoto, kulia.