Shuka Lenye Ziwa Jeupe

Wengine wakisimulia walivyokutana na michoro mizuri kwa mara ya kwanza, husema macho yao yalifunguka. Yangu pia yalifunguka. Lakini kufunguka kwenyewe kulinigombanisha na dada yangu, na mpaka leo hasira haijanitoka.

Ilikuwa Kalemie, miaka ya Zaire, nikiwa bado kwenye shule ya sekondari ya wasichana. Mwalimu wetu wa kuchora alikuwa Mzungu kijana, aliyekuja kufundisha kwa muda. Kila alipopata mzigo kutoka kwao, ndani mlikuwa na magazeti ya wachoraji: matangazo, mabango, picha za vitabu vya watoto. Alituamuru tunawe mikono kwanza, kisha tulifungua kurasa polepole huku yeye amesimama nyuma yetu, akiogopa tutazichana.

Siku moja nilifika kwenye tangazo la kahawa. Birika jeusi, meza nyekundu, basi. Nililitazama muda mrefu kabla sijagundua kwamba mkono wa birika haukuchorwa. Mchoraji alikuwa ameiacha karatasi yenyewe, nyeupe, na jicho langu ndilo lililomalizia kazi. Nikageuza kurasa nyingine kama mtu anayemtafuta mwizi. Kumbe wote walikuwa wanafanya hivyo. Kulikuwa na uso wa mwanamke ambao nusu yake haikuwepo, na bado alikuwa akinitazama vizuri tu. Nilihisi nimedanganywa maisha yangu yote, maana nililelewa katika nyumba ambako kitambaa kitupu ni aibu.

Hili lazima nilieleze. Kwetu, msichana akikaribia kuolewa hutarizi mashuka yake mwenyewe. Mimi, kwa kuwa nilijaliwa mkono, ndiye niliyechora, nyumbani na kwa majirani. Niliweka karatasi ya kaboni juu ya shuka, nikachora mawaridi, njiwa wawili waliogusanisha midomo, na neno la kumtakia mtu usiku mwema kwa Kifaransa. Halafu huja siku ya kufungua sanduku la mashuka hayo. Mashangazi wa bwana harusi huyatandaza mashuka kwenye mkeka na kupitisha kiganja juu yake. Hawaangalii sana, wanapapasa. Uzi ukiwa mwingi, binti ni mchapakazi. Kiganja kikiteleza mahali patupu, binti anapenda kulala.

Dada yangu mkubwa alikuwa amechumbiwa na kijana wa reli ambaye watu wake walikuwa wakulima wa Kirungu, kule juu kwenye baridi. Nilimwomba aniruhusu nimchoree shuka moja la namna nyingine. Akakubali, kwa kuwa hakujua anakubali nini. Nikachora bandari yetu: winchi zimeinama, mabehewa yamepangwa, mwanamke mmoja ana beseni kichwani, vyote vimebanana kwenye pembe moja ya chini. Sehemu yote iliyobaki ilikuwa ziwa, na ziwa sikulichora. Niliuacha weupe wa shuka uwe maji, nikatia mstari mmoja wa buluu mbali kabisa, pale ambapo macho hudhani yanaiona ng'ambo ya Kigoma.

Dada alicheka. Akauliza maji yako wapi. Nikamwambia arudi nyuma kidogo, atazame tena. Akarudi mpaka mlangoni, akalitazama tena, kisha akasema taratibu kwamba ziwa huwa hivyo hivyo asubuhi, kabla ya upepo kuanza. Nilimpenda sana siku ile. Alilitarizi shuka lile kwa uangalifu ambao hakuwahi kuyapa mawaridi, na akaniahidi kuliweka juu ya mengine sandukuni, liwe la kwanza kufunguliwa.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu: lionekane lilivyo. Mama alitaka lisionekane kabisa. Alisema tutaaibika mbele za watu, na kwamba wale wa Kirungu si watu wa mchezo. Nikamjibu maneno ambayo binti hamwambii mama yake. Niliamini wakiliona wataelewa, kama mimi nilivyolielewa birika. Nilikuwa mjinga, lakini ujinga ule ulikuwa mtamu kuliko akili niliyo nayo sasa.

Mashangazi wakafika, wamechoshwa na safari ya boti kutoka Moba, bandari iliyo chini ya Kirungu. Wakanawa, wakala ugali na samaki, wakapumzika kidogo. Kisha sanduku likafunguliwa na shuka langu likatandazwa. Mkubwa wao, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, alipiga magoti kwenye mkeka, akaweka kiganja juu ya winchi, akaguna kwa kuridhika. Kiganja kikapanda. Kikapita mabehewa, kikamfikia mwanamke wa beseni, kikaingia ziwani. Kikapapasa huku na huku, kikaenda mpaka kwenye pindo. Hakikukuta kitu.

"Hii haiyaisha," akasema. "Uzi ulikwisha, ama njo ulichoka?"

Wenzake wakacheka kidogo. Mama akatazama chini. Mimi nikamtazama dada, maana yeye siku ile alikuwa amesimama mlangoni akaliona ziwa. Alikuwa na jibu mdomoni. Nilingoja aseme tu kwamba ni ziwa.

"Haiyaisha, mama," dada akamwambia shangazi yule. "Mudogo wangu njo alichora, akaacha katikati. Mimi nitaimaliza."

Basi, mambo yakawa mepesi kwa wote isipokuwa mimi. Wakaanza kunitania, kwamba huyu mdogo akiolewa atampikia mume wake ugali nusu sufuria. Shangazi mkubwa akanigonga begani kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma zaidi; ningependelea anitukane. Shuka likakunjwa, likawekwa kando. Wakafungua la mawaridi na njiwa, vigelegele vikapigwa. Mawaridi yale pia niliyachora mimi, lakini hakuna aliyeuliza.

Nilimweleza mwalimu wangu. Sijui nilitegemea nini, labda akasirike pamoja nami. Aliniambia kisa hicho kinapendeza sana, na kwamba angependa kulipiga picha shuka lile awaonyeshe marafiki zake. Kinapendeza! Mwaka wa shule ulipokwisha aliondoka na magazeti yake yote. Aliyenifungua macho hakuniachia hata ukurasa mmoja wa kutazama. Mama alipoletewa mashuka ya binti wa jirani, nilichukua kaboni nikachora mawaridi, na watu wakasema sasa nimekomaa.

Dada alipojifungua mtoto wa kwanza nilitumwa nikamsaidie. Nikalikuta shuka kitandani. Alikuwa amelimaliza, kama alivyoahidi. Mawaridi yalikuwa yametapakaa majini toka gati mpaka kwenye ule mstari wa buluu, na njiwa wawili wamekaa juu ya winchi. Kazi yenyewe ilikuwa safi, uzi umebana vizuri, hata pa kuweka kidole kwenye kitambaa kitupu hapakuwa. Nilihisi kama mtu ameniziba mdomo kwa kiganja.

Nikamuuliza kwa nini. Alikuwa ananyonyesha, hakuinua hata uso.

"Wewe ulitaka baone picha," akasema. "Mimi njo balikuya kuangalia."

Nilifua nepi za mtoto, nikapika, nikafagia, nikamtunza mpaka akapata nguvu, nikarudi nyumbani bila kuligusa tena jambo lile. Najua alisema kweli: waliyekuja kumwangalia ni yeye, si picha yangu. Angeonekana mvivu yeye, si mimi, na wangemkumbusha uvivu huo kila siku ya ndoa yake. Nimelipima neno lake mara nyingi na sijaliona kosa lake. Ila bado nasema angeweza kuwaambia ni ziwa. Lilikuwa neno moja tu, na wanawake wale walikuwa wametoka kushinda juu ya ziwa hilo hilo, ndani ya boti, siku nzima.