Gauni Jeupe Mapajani

Katika duka letu la magauni ya harusi, pindo la mwisho hushonwa kwa mkono, na kazi hiyo ilikuwa ya Mama Pindo. Hukaa kitini, gauni zima likamlalia mapajani, satini tabaka kwa tabaka. Feni haifunguliwi, eti itapeperusha vumbi la vitambaa lichafue weupe. Mimi nashona vifungo meza ya pili, kwa hiyo nimeyaona yote, na bado nina hasira.

Joto humwanzia kifuani, likapanda shingoni hadi usoni, akaloa chapachapa, kisha akatetemeka kwa baridi. Tukamtania kwamba ameficha jiko kifuani. Tajiri wetu, mwenye duka, akasema ni malaria, na dada wa watu akameza dawa bure bila kupimwa.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyemfumbua macho: hedhi inakoma, na mwili unababaika na joto lake. Avae pamba nyepesi, maji baridi yawe karibu, chai ya moto aipunguze, joto likianza avute pumzi polepole. Likizidi arudi, dawa zipo, daktari ataona ipi inamfaa. Sawa, lakini nani atavuta pumzi chini ya satini nzito kama blanketi?

Juzi tone la jasho likaangukia pindo, tajiri akiwa amesimama pale pale.

"Mama, kuanzia kesho magauni nampa mwingine," akasema. "Wewe utashona sare za shule."

Mama Pindo akapiga moyo konde. "Nipe meza, gauni lilale juu yake. Na feni ndogo niiweke miguuni. Mkono wangu haujaharibika."

"Pindo hushonewa mapajani. Waliokutangulia mbona hawakulalamika?"

"Waliacha kazi wakiwa na umri gani?"

Waliomtangulia wote waliondoka wakikaribia hamsini, na kila mara tuliambiwa mtu amechoka. Wa kwanza alikuwa mama wa tajiri mwenyewe, aliyelianzisha duka hili, ambaye siku hizi hupokea wateja kwenye meza ya mlangoni. Nilikuwa nikimwonea wivu, nikidhani amepumzishwa na mwanawe.

Bi mkubwa, pale mlangoni, hakumtazama mwanawe. Alianza kuondoa vitu juu ya meza yake, kimoja kimoja.

"Nilidhani ni mimi peke yangu," akamwambia Mama Pindo. "Nikaona aibu, nikaiacha sindano. Na nilikuwa naipenda."