Mara Kumi na Moja

"Shangazi, yule bwana wa kufuli alipona?"

Nilikuwa na miaka tisa nilipouliza hivyo, mezani, Jumapili, mdomo umejaa ravioli. Shangazi Ornella aliinuka akaenda kuosha vyombo, na yeye vyombo huwa anavikimbia.

Wakati ule alikuwa na digrii ya saikolojia tayari, anajifunza kutibu kwenye hospitali moja hapa Buenos Aires. Alipewa wagonjwa wanne. Mwezi mmoja kabla ya swali langu, meza ile ile, alitusimulia habari za mmoja wao. Jina hakulitaja, na alijisifia hilo.

"Tuseme tu ni fundi kufuli. Akifunga mlango wake, anarudi kuutikisa. Mara kumi na moja! Na kufuli kaitengeneza mwenyewe!"

Tulicheka sana. Mimi nilikwenda kuutikisa mlango wa jikoni nikimwigiza, wakacheka zaidi.

"Ngoja," Bibi Elvira akasema. "Si Iturralde huyo, wa pale kona?"

"Mama, sijataja jina mimi!"

"Fundi kufuli mwingine mtaa huu nani, wewe?"

Kesho yake Bibi alikwenda kwa fundi kuchongesha ufunguo. Kwa moyo mweupe kabisa akamwambia, "Usijali, Iturralde. Binti yangu atakuponya." Alituhadithia mwenyewe, akishangaa kwa nini hakujibiwa.

Alhamisi, siku yake ya kwenda hospitalini kwa shangazi, kiti cha mgonjwa kilikuwa kitupu. Alhamisi iliyofuata pia.

Kila Ijumaa shangazi na wanafunzi wenzake walimsomea msimamizi wao, Daktari Pastorino, maandishi ya walivyozungumza na wagonjwa. Alipouliza fundi yuko wapi, shangazi akajibu, "Ni ule upinzani wa mgonjwa kwa tiba, daktari. Alikaribia ukweli wake, akaukimbia." Wenzake wakaitikia kwa vichwa, wakaandika. Akasifiwa.

Hayo ya Ijumaa nimeyajua juzi tu. Sasa nina miaka kumi na sita, na nilikwenda kumwambia shangazi nami nataka kusomea kazi yake. Tulikuwa tukipokezana kibuyu cha chai chungu, naye akasimulia huku anaitazama birika. Alikaa miezi mitatu ndipo akakiri kwa Pastorino kwamba alimsimulia mgonjwa wake mezani kwetu, akarudishwa nyuma mwaka mzima. Mpaka leo, akifika ile kona, huvuka upande wa pili wa barabara.

Nikakumbuka nilivyoutikisa ule mlango, uso ukaniwaka. Nikamwuliza tena kama alipona.

"Sijui, Delfina. Siku ile ninawasimulia alikuwa ameshashuka hadi mara nne. Nilisema kumi na moja ili mcheke."