Undu wa Moto

Leo sokoni nimemshika kuku undu, ile nyama nyekundu ya kichwani, ukawa wa moto! Papo hapo nikamkumbuka tetea wetu.

Alikuwa hatagi, na bibi alishamchoka. Wageni wa Saadani walipokaribia, akaniambia, "Mpeleke kwa mwalimu wa madrasa akachinjwe."

Njiani jua la mchana lilikuwa kali. Undu ulikuwa ukifukuta kiganjani, maana kuku hutolea joto lake huko na kwenye ndevu, zile nyama za chini ya mdomo. Hilo nililizoea. Lakini ule wekundu! Undu uliopauka siku zote sasa ulikuwa umeiva kama pilipili. Nikageuza, mbio mpaka nyumbani.

"Bibi! Anataka kutaga!"

"Nani kakwambia?"

"Undu wake!"

Bibi akaugusa, akacheka. Wageni wakala mchuzi wa ng'onda, samaki wa kukaushwa.

Alasiri bibi alipotoka kutawadha, alimkuta tetea kajikunyata katikati ya mswala. Nikajua sasa atachinjwa kweli. Bibi akasimama, maji yakimdondoka viwikoni, akaninong'oneza, "Mwache amalize."

Tukasimama wawili, tukilisubiri yai ili bibi aswali.