Machozi ya Kuchorwa

Laurentine Ngoy hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Miaka kumi na minane ya uuguzi kule Tenke ilimfunza kunyamaza na kusikiliza. Alipohamia Kolwezi na kufungua chumba chake kidogo cha kutibu majeraha ya moyo, nyuma ya soko, kusikiliza ndiko kulikokuwa dawa yake. Walikuja wachimbaji waliotolewa hai mashimo yalipobomoka Mutoshi, na wajane wa wale ambao hawakutolewa. Waliingia kwa mlango wa nyuma, wengine wakijifanya wamekuja kununua makaa kwa jirani. Kwa maana katika mji huu mtu akijua umekwenda kueleza yaliyo kichwani mwako, kesho yake unaitwa mwendawazimu, na mwendawazimu hasikilizwi hata nyumbani kwake.

Laurentine alilijua hilo kuliko yeyote. Ndiyo maana hasira ya Jumanne ile ilimchoma mara mbili.

Alikuwa amemwagiza Mechack, mchoraji wa vibao, amtengenezee sura ya kazi yake: kibao, kadi na muhuri, vyote vya namna moja. Rangi aliichagua mwenyewe, kijani cha jiwe la malakiti, ili chumba kisifanane na zahanati wala na nyumba ya maombi. Mechack akaleta mchoro wa mwanamke wa Kizungu, aliyemtoa kwenye simu, ameshika kichwa.

"Huyu simutaki," Laurentine alimwambia. "Weka sura ya mutu wa hapa. Batu bamuone, bajue ni mahali yabo."

Mechack alielewa kama wachora vibao wa Kolwezi wanavyoelewa. Kibao cha msusi hubeba uso wa binti wa jirani. Cha fundi cherehani hubeba mteja wake. Watu huamini uso wanaoujua, na mwenye uso hujivuna.

Jumanne hiyo asubuhi Laurentine alikuta watu wamejaa mbele ya mlango wake, wanatazama juu. Jina lilikuwa pale, *Tua Mzigo*, kwa herufi nzuri za kijani. Chini yake, mkubwa kama sinia, uso wa mwanamke mwenye kitambaa cha manjano na kovu juu ya nyusi, na machozi makubwa kama maharage kwenye mashavu yote mawili.

"Lakini huyu si Rachelle, bibi ya marehemu Gael?" alisema mama mmoja mwenye beseni la mihogo. "Kumbe kichwa yake ilishaharibika?"

"Eh, mi nilijua. Tangu kilio ya bwana yake anasemaka yeye peke yake."

Mechack alikuwa bado juu ya ngazi, anapangusa brashi.

"Shuka," Laurentine alisema.

"Mama, rangi haijakauka, lakini utaona vile itakuwa..."

"Mechack, shuka kwa hiyo ngazi mbele sijaivuta!"

Watu wakacheka. Laurentine hakucheka.

"Nani alikupa ruhusa ya kuchora huyu mama?"

"Ruhusa ya nini, mama? Kwa Jémima, kule banasukaka nywele, niliweka Mamie. Alifurahi mpaka akaniletea bukari na kuku!"

"Mamie alikuwa anasukwa nywele! Batu banakuja hapa kuficha machungu yabo, na we umeyapigilia misumari kwa barabara!"

Akachukua kitambaa cha petroli, akaufuta uso kwa mikono yake mwenyewe, alama za machozi zikabaki. Alikuwa amechelewa. Kufika adhuhuri picha ya kibao ilikuwa imeshaenea kwenye simu za mtaa mzima.

Alhamisi Laurentine akaitwa kwa shefu wa mtaa. Mathieu, mdogo wake marehemu Gael, alikuwa ameipata picha, na alikuwa akikitaka kiwanja cha kaka yake tangu siku ya maziko. Rachelle aliketi kwenye kiti cha plastiki, mgongo wima, hatazami mtu.

"Shefu, mwanamuke mwenye kichwa yake haiko sawa hawezi kulinda parcelle ya yaya yangu," alisema Mathieu. "Muulize huyu mama kama hamutibu."

"Sitasema nani anaingia kwangu wala nani haingii," Laurentine alijibu. "Hata ingekuwa ni we, tata Mathieu, singesema."

Mtu akacheka kwa pua.

"Basi picha itasema!" Mathieu akainua simu.

Laurentine alikuwa amemleta Mechack. Mchoraji akatoa simu yake, akamwonyesha shefu picha aliyoipiga kwa siri siku ya kupima ukuta wa kibao. Rachelle alikuwa kwenye benchi la nyuma, karibu na makaa ya jirani, anacheka, mdomo wazi.

"Hakulia, shefu. Niliangusha metre mu ndoo ya maji, akanicheka. Machozi niliongeza mi. Ku kibao ya dawa tunatiaka machozi. Mutu mwenye kucheka, nani atajua anaumwa?"

Shefu akamgeukia Mathieu. "Kwa hiyo ushahidi yako ni rangi? Parcelle inabaki ya mama na batoto. Enda ku nyumba."

Watu wakacheka, na kicheko hicho kikamkasirisha Laurentine kuliko yote. Akasimama.

"Na kama angelia? Mwanamuke udongo umemeza bwana yake, akilia njo wazimu? Wazimu ni ya we, tata Mathieu! Yaya yako alikuwa hajafunikwa bado, na we ulishaanza kupima parcelle yake na macho!"

Rachelle alikuwa ameshainuka na kutoka. Laurentine akamfikia huko nje.

"Nisamehe. Mi njo nilimwambia aweke sura ya mutu wa hapa. Sikumwambia aombe ruhusa."

Rachelle alimtazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Nilikuwa na mahali moja tu penye batu habaniangalie, mama." Akaenda zake.

Mechack alipaka kibao upya mchana ule, watu wakiona. Machozi yalichungulia mara mbili chini ya rangi nyeupe, ikabidi apake mara ya tatu.

"Sasa niweke nini, mama?"

"Jina tu."

"Bila picha, nani atajua?"

"Jina tu, Mechack."

Rachelle hajarudi. Zamu yake ya Jumamosi saa nne Laurentine hampi mtu mwingine. Huacha mlango wa nyuma bila kufunga, akakaa mbele ya kiti kitupu, na hasira yake haijapoa.