Kasha la Bia Mlangoni Keshero

Nyumba ya kanisa ninapojitolea iko Keshero, nyuma ya ukuta wa mawe meusi. Ndani wanaishi wasichana waliozaa kabla ya kuolewa, pamoja na watoto wao. Wengine walifukuzwa kwao. Wengine, tangu vita ipite, hawajui kama kwao bado kupo. Nilianza kwenda baada ya mke wangu kufariki, kwa sababu mchungaji alisema wanahitaji mtu wa kutengeneza vitanda. Mimi ni seremala. Nilidhani nitapiga randa, nitapiga misumari, nirudi kwangu Murara kabla ya giza.

Lakini mtu mwenye mvi akikaa mahali, watu humletea mambo ambayo nyundo haiyawezi.

Msichana mmoja alitoka Ndosho. Wazazi wake ni watu wa Masisi waliohamia mjini, na baba yake anauza makala, yaani mkaa wa kupikia. Alikuwa na mtoto wa kike aliyekuwa ameanza tu kukaa bila kushikwa. Kijana aliyempa mimba alitoweka, na hakuna aliyejua ukoo wake. Msichana hakuomba mengi. Hata kurudi nyumbani hakuwa anaomba.

"Nataka baba amubebe tu," aliniambia siku moja nikimpigilia mguu wa kitanda. "Siku moja tu. Akishamubeba, mutoto ako na kwao."

Neno hilo lilinikaa moyoni. Nikaamua kwenda kwa baba yake, na nikaamua kutomwambia msichana, ili nimletee habari njema ikiwa imekwisha kuiva. Mama anayesimamia nyumba aliniambia, "Papa, si umuulize kwanza mwenyewe?" Nikamjibu kwamba wazee wanajua namna ya kusemezana.

Mimi ni mtu wa upande wa Butembo. Kwetu, ukienda kuomba msamaha huendi mikono mitupu. Basi nikanunua kasha la bia, nikalipakata kwenye pikipiki hadi Ndosho, chupa zikigongana kila tulipopita kwenye mawe.

Kwao watu wa Masisi, mzee mgeni akileta bia kwa baba wa msichana, bia hiyo ina maana moja tu: ukoo wa kijana umekuja kubisha hodi ya ndoa. Siwezi kusema sikujua. Nimekaa Goma tangu ujana. Nimealikwa kwenye shughuli hizo, nikanywa, nikapiga makofi. Nilijua, ila siku ile nilifikiria kama mtu wa kwetu peke yake.

Baba yake alikuwa akipakua makala. Aliniona, akaliona kasha, akaacha gunia pale pale. Hakuniuliza nimetoka wapi. Alinawa mikono, akaingia ndani, akashusha koti lake jeusi kwenye msumari na kulivaa. Kisha akatuma waitwe ndugu zake, na viti vikaazimwa kwa majirani. Mkewe alichungulia kutoka jikoni, akajifuta macho na ncha ya kikwembe alichojifunga kiunoni.

Pale ndipo nilipaswa kusema. Kila nilipofungua kinywa, mtu alinijazia glasi. Na niseme ukweli, ilikuwa raha kumwona mtu yule akifurahi. Mdogo wake, mtu wa mzaha, alinielekezea chupa.

"Wakwe zetu wa Butembo! Ng'ombe munaijua, ao munajua mbatata tu?"

"Ataleta ng'ombe ya mbatata!" mwingine akadakia.

Wakacheka, nami nikacheka nao. Kwa kucheka nikawa nimekubali.

Ndipo kaka yao mkubwa akaweka glasi chini. "Sasa muzee, sema. Ule kijana ni mutoto wako, ao ni wa ndugu yako?"

Nikawaambia sina kijana. Nikasema mimi ni seremala wa ile nyumba ya kanisa, nimekuja kumwombea binti msamaha, ili baba ambebe mjukuu. Maneno yalikuwa mazuri nilipoyapanga njiani. Pale, mbele ya glasi zilizokwisha kunywewa, yalikuwa kama kelele ya mlevi.

Baba hakupiga kelele. Alivua koti, akalirudisha kwenye msumari.

"Umetunywesha aibu yetu wenyewe," alisema. "Rudi kwenu, muzee. Mvua inakuja."

Angani hakukuwa na wingu.

Sikumwambia msichana. Nilijidanganya kwamba nitatafuta njia nyingine kwanza. Lakini Jumamosi iliyofuata, nikipiga randa karibu na mlango wa ukuta, nilisikia chupa zikigongana nje. Nilipofungua, baba yake alikuwa amesimama pale, amevaa koti lile lile, na kasha la bia, limejaa, liko mikononi mwake.

"Bia yako hii," alisema. "Sikukunywa kitu yako."

Nilielewa: alikuwa amenunua bia nyingine badala ya ile tuliyokunywa. Kinywaji kikirudishwa, ni kana kwamba hukuwahi kuja. Lakini alikuwa amekuja yeye mwenyewe, wakati angeweza kumtuma mtu yeyote. Hilo sikulielewa hadi baadaye.

"Zawadi hairudishwi, papa," nikasema, nikalisukuma kasha.

"Haikuwa zawadi." Akalisukuma.

Nyuma yangu wasichana walikuwa wakifua nguo za watoto. Mmoja akapiga kelele, "Papa Seremala anafungua nganda!" na ua wote ukacheka, kwani nani amewahi kuona baa kwenye nyumba ya sala? Mama msimamizi alitoka mbio ameshika kichwa: "Yesu wangu, bia! Papa, bia hapa?" Aibu ikanipanda. Nikawa nataka jambo moja tu, mtu yule aondoke na kasha lake.

Kwa pembe ya jicho nilimwona msichana wa Ndosho akisimama kutoka kwenye beseni. Alifuta povu mikononi. Alifungua kikwembe, akamtoa mtoto mgongoni, akamgeuzia mbele, akamnyooshea kofia, akaanza kuja. Alikuja polepole, kama mtu anayeogopa kumrusha ndege.

Ningepokea kasha tu. Ningesema, karibu papa, kaa, tukuletee maji. Badala yake nilisimama katikati ya mlango na kubishana.

"Beba kasha lako!"

"Lako wewe!"

Akaliacha kizingitini, akageuka. Msichana alipofika, koti jeusi lilikuwa limeshaingia kati ya pikipiki za barabarani. Alisimama na mtoto mikononi, amemshika mbele hivyo hivyo, kama mtu anayempokeza mwenzake.

"Papa," aliniuliza, "alimuona mutoto?"

"Alimuona," nikajibu.

Sijui. Macho ya baba yake yaliingia ndani mara moja, juu ya bega langu. Labda alimwona. Labda aliona kamba za nguo.

Ikabidi nimweleze yote. Hakulia wala kunitukana. Alimrudisha mtoto mgongoni akafunga kikwembe.

"Ungeniuliza," alisema. "Bia hapana. Ningeenda mwenyewe asubuhi, wakati anapakua makala. Ningemuwekea tu mutoto kwenye mikono. Baba hawezi kuangusha mutoto."

Baba yake hajarudi, na mimi Ndosho sina uso wa kupita. Mama msimamizi aliamuru kasha litoke siku ile ile. Liko kwangu, chini ya kitanda, limeshika vumbi. Kulinywa siwezi, kulitoa kwa mtu siwezi.

Bado naenda kutengeneza vitanda. Mtoto sasa anatembea, huja kuokota maranda karibu na miguu yangu. Mara kwa mara mama yake humwita amfunge mgongoni, na nikiwa karibu namsikia akimwambia, "Babu yako alikuona, unajua? Alikuona na macho yake."

Nami nainamia ubao, napiga randa.