Kigingi Nlichokihamisha Hail

Miye hakuna la kunishangaza. Nliishia darasa la sita, na leo nna majumba Qurum, hapa Maskati, ambayo wenye digrii wananilipa kodi. Kiwanja kimoja nimewahi kuuziwa na watu watatu, wala sikupepesa jicho. Lakini juzi fundi wangu kafungua kopo la rangi nyekundu, harufu ikanipanda puani, moyo ukanienda mbio kama wa mtoto wa miaka tisa.

Rangi hiyo ndiyo aliyopakia vigingi ami yangu Seif, mpima ardhi. Hail, kwetu nje ya Maskati, siku hizo ilikuwa mchanga na mitende tu, naye akizunguka na futi kamba yake akimwonyesha kila mtu mwisho wake. Alipopima kwetu, mstari ukampa jirani, Mzee Khamis, mndimu wa bibi, alioupanda kwa mbegu aliyotoka nayo Unguja. Bibi alikwenda tu akaushika shina. Basi adhuhuri, watu wamelala, nkaking'oa kigingi, nkakichimbia hatua tatu mbele, mndimu ukarudi kwetu. Nlijiona simba!

Mwezi uliofuata ami akagombea kiti cha Shura, bunge letu la Omani. Lo, raha iliyoje! Baraza la ami limejaa wanaume, halwa inapita, kahawa inanukia iliki. Mara Mzee Khamis kasimama.

"Seif! Karatasi yako yasema mndimu wangu, kigingi chako chasema wenu. Huko Shura utatuibia nini?"

Uso wa ami ukasawijika. Nkaona kiti kinamponyoka kwa ajili yangu. Nkapiga ukelele: "Miye, ami! Nimekihamisha miye!"

Hakunipiga. Alichukua futi kamba akatoka, na wanaume wote nyuma yake, vikombe mkononi, utadhani wanapeleka bwana harusi. Akapima upya, kanzu imejaa mchanga, akakipigilia kigingi mahali pake.

"Mndimu wako, Mzee Khamis."

"Na kura yangu yako, mwanaharamu we!" Vicheko, vifijo!

Kiti alikipata. Ukubwani ndipo nlipofahamu kwa nini siku ya ushindi alikaa na njaa: bibi, mamake mzazi, hakumwekea sahani, wala hakumsemesha mpaka Idi. Kugawa haki si kazi, kazi kumpimia mamako.

Mwaka jana wana wa Mzee Khamis walikubali kuniuzia kipande kile, mndimu bado wazaa. Bibi, mkongwe sasa, nkambeba mwenyewe mpaka shinani. Sikubishana bei: riali elfu sita, mia tatu na arubaini, kwa hatua tatu za mchanga.